Ndege Ikitoka kwa Fundi: Namna ya Kuipokea Kabla Hujairusha

Marubani wengi wachanga huamini kwamba ndege iliyomaliza jana jioni ukaguzi unaofanywa kila baada ya saa 100 za kuruka ndiyo salama kuliko zote hangani. Mimi nimeshika spana zaidi ya miaka ishirini, mingi yake uwanja wa Wilson na iliyobaki huku Kisumu, na ndege ya namna hiyo ndiyo ninayoiogopa. Ili kuikagua tuliifungua. Tulitoa kifuniko cha injini, plagi, viti, vipande vya sakafu na vifuniko vya chini ya mabawa. Tukalegeza hiki, tukachomoa kile. Ndege iliyoruka wiki nzima bila kuguswa imekwisha kujithibitisha hewani. Hii yetu ina vitu chungu nzima vilivyofunguliwa na kufungwa upya na binadamu mwenye njaa, usingizi na simu mfukoni.

Mwongozo huu ni wa rubani au mwenye ndege anayekwenda kuichukua Cessna 150, 172, 206 au nyingine ya kadiri hiyo, iwe hapa Kisumu, Kitale, Kakamega, au iwe imerudi Nakuru kutoka Nairobi. Haukufundishi kutengeneza. Ukiona nati imelegea usiikaze kwa koleo lako la gari. Muite fundi mwenye leseni, aikaze yeye na aweke sahihi yake.

Tenga saa mbili za mchana. Ukifika na abiria wamekaa kwenye gari, mizigo iko chini na wanaangalia saa, rudi nyumbani. Mtu anayesubiriwa haoni kitu hata akikitazama.

Hatua ya 1: Soma karatasi kabla ya kugusa ndege

Omba logibuku, yaani daftari la kumbukumbu za ndege, kaa kitako, uisome. Wengi hutafuta mhuri tu, wakiuona wanafunga. Wewe chukua kijikaratasi uandike kila kilichofunguliwa: oili na filta vilibadilishwa, plagi zote 8 zilitolewa zikasafishwa, kebo ya trimu ni mpya, kiti cha rubani kilitolewa. Hiyo ndiyo ramani yako. Kisichoguswa utakikagua kama unavyokikagua kila siku. Kilichoguswa utakikagua kama mtu anayemdai mwenzake.

Tazama sahihi. Kazi yoyote kwenye mifumo ya kuongozea ndege, yaani eleroni (bati la nyuma ya bawa linaloilaza ndege ubavu), elevata (la mkiani, hupandisha na kushusha pua), ruda (la mkiani, hugeuza pua kushoto na kulia), trimu (humpunguzia rubani nguvu ya kushikilia usukani) na kebo zake, inatakiwa ikaguliwe na watu wawili, kila mmoja kwa macho yake. Wa pili akiweka sahihi kwa sababu ameambiwa "iko sawa, weka tu", hapo amekagua mtu mmoja.

Halafu uliza: nani alianza kazi hii, na nani aliimaliza? Swali hili lina damu ndani yake. Tarehe 11 Septemba 1991 ndege ya abiria aina ya Embraer 120, ya kampuni ya Continental Express, ilivunjikia hewani karibu na Eagle Lake, Texas, na watu wote 14 waliokuwamo wakafa. Usiku uliotangulia, mafundi walikuwa wakibadilisha mipira ya kuvunjia barafu kwenye mkia. Zamu moja ilitoa skrubu 47 za upande wa juu kushoto. Zamu iliyofuata haikuambiwa vizuri kazi imefikia wapi, na skrubu hizo hazikurudishwa. Anayesimama chini hawezi kuona sehemu ya juu ya mkia kama ule, kwa hiyo asubuhi ndege ilionekana nzima.

Hangani kwetu hakuna zamu tatu, lakini makabidhiano yapo. Fundi anaenda matanga Siaya siku mbili, kijana wake anaendelea. Ukisikia habari ya namna hiyo, waulize walikabidhiana kwa maandishi au kwa simu, na sehemu ile utaikagua mara mbili.

Hatua ya 2: Ongea na fundi mwenyewe

Usiongee na ofisi wala aliyeandika risiti. Mtafute aliyekuwa na grisi mikononi. Msalimie kwa heshima, na kama kuna mama wa chai karibu, mnywe. Usimwulize "umemaliza?" kwa sababu hakuna fundi atakayesema hapana. Muulize: "Mzee, ni wapi palikusumbua?" Fundi mzuri ana jibu. Kisha muulize kama kuna mahali alikatizwa.

Swali hili la mwisho nililijifunza kwa aibu. Miaka kadhaa iliyopita, kwenye karakana niliyokuwa nikifanyia kazi, tulikuwa na Cessna 206 iliyotakiwa Maasai Mara alfajiri. Ilipogonga saa tatu usiku stima ikapotea. Nilikuwa nimetoka kurudisha bomba la mafuta la injini. Nati nimeizungusha kwa vidole mpaka ikafika, spana iko mkononi. Nikaiweka spana chini, nikaenda kuwasha jenereta. Jenereta ikagoma. Mlinzi akaja kusaidia kuvuta kamba. Mke wangu akapiga simu kuuliza kama nitakula nyumbani. Taa ziliporudi, vijidudu vya ziwa vilikuwa vimevamia balbu mpaka vikawa vinadondoka juu ya injini kama mchele, nami nikashughulika kuvipangusa kwa tambara. Nikaiona nati iko mahali pake. Kweli ilikuwa mahali pake, kwa nguvu ya vidole. Nikafunga kifuniko, nikaweka sahihi, nikaenda kula.

Asubuhi akaja rubani, mama mtu mzima asiyependa maneno mengi. Akapitisha kidole chini ya kifuniko cha injini, akakinusa, akaninyooshea. Kilikuwa na rangi ya samawati.

"Injinia, hii ni nini?"

Petroli ya ndege, ile ya 100LL, imetiwa rangi ya samawati, na ikivuja na kukauka huacha doa la rangi hiyo. Nilifungua kifuniko mbele yake na nati ikazunguka bila spana. Hakunifokea. Alikaa kwenye tairi la gari mpaka nikamaliza, kisha akaomba tochi aangalie mwenyewe.

Tangu siku hiyo nafuata kanuni inayofundishwa karakana nyingi: ukikatizwa, ukirudi usianzie ulipoachia. Rudi nyuma hatua tatu, uzipitie upya. Na nati niliyoikaza kwa spana ya kupimia nguvu naipiga mstari wa rangi, kutoka kwenye nati hadi kwenye chuma kilichoishikilia. Mstari ukiwa umenyooka, nati haijasogea. Ukiwa umekatika, imezunguka. Kama hakuna mstari kabisa, uliza. Si karakana zote zinazotumia rangi hiyo, kwa hiyo kukosekana kwake hakumaanishi kosa, lakini ni sababu nzuri ya kuomba kifuniko kifunguliwe.

Hatua ya 3: Zunguka, ukitafuta vilivyosahaulika

Anza na matundu. Bomba la pito chini ya bawa ndilo linalokupa kasi; tundu dogo la statiki ubavuni mwa ndege ndilo linalokupa kimo. Ndege ikioshwa au kupakwa rangi, matundu haya huzibwa kwa utepe maji yasiingie. Tarehe 2 Oktoba 1996 Boeing 757 ya Aeroperú iliruka usiku kutoka Lima ikiwa na utepe kwenye matundu ya statiki, umeachwa na mfanyakazi aliyeosha ndege. Marubani hawakujua kimo wala kasi yao halisi, wakaangukia baharini. Watu 70 walikufa. Utepe ulikuwa na rangi inayofanana na bati la ndege, na hapo ndipo pa kujifunza: kitu chochote kinachozibwa kwa muda kizibwe kwa utepe wa rangi kali wenye mkia mrefu unaopepea.

Kwetu kuna adui mwingine wa matundu, nyigu wa udongo. Ndege ikilala hangani siku tano bila kifuniko cha pito, nyigu anahamia. Usipulize kwa mdomo kujaribu kumtoa, utaharibu saa ya kasi. Muite fundi.

Kisha tafuta vifaa. Tochi, bisibisi, vitambaa, skrubu zilizobaki kwenye kikopo cha mafuta ya kupikia. Kikopo kikiwa na skrubu mbili chini ya bawa, usikubali kuambiwa "hizo ni za zamani". Zina mahali zilikotoka. Piga magoti utazame chini ya sakafu kabla haijafungwa, kama fundi atakuruhusu kuja mapema. Bisibisi iliyosahaulika huko ndani husafiri taratibu mpaka ilale juu ya kebo. Karakana nzuri ina ubao wenye umbo la kila spana limechorwa nyuma yake. Tazama ubao. Umbo tupu lina maana spana moja haiko nyumbani.

Hatua ya 4: Mifumo ya kuongozea, kwa mwelekeo wake

Hapa usiwe na haraka. Rubani wengi huzungusha usukani kushoto kulia, mbele nyuma, wakaona hakuna kinachokwama, wakasema "huru". Uhuru pekee hautoshi. Kebo zilizobadilishana upande huzunguka kwa uhuru kabisa, na ndege itakupeleka kulia ukitaka kushoto, ukiwa mita kumi juu ya lami.

Ingia ndani, mwenzako asimame nje. Shika usukani kwa mikono miwili, vidole gumba vikielekea juu. Uzungushe kushoto. Sasa gumba zako zinaelekea kushoto, na eleroni ya kushoto lazima iwe imepanda, ya kulia imeshuka. Gumba huonyesha eleroni inayopanda. Ukilikumbuka hilo huhitaji kukariri. Vuta usukani kifuani, elevata ipande. Sukuma, ishuke. Pedali za ruda kwenye 172 zimeunganishwa na gurudumu la mbele, kwa hiyo ndege ikiwa imesimama ni nzito; ruda utaimalizia ukiwa unatembea ardhini polepole.

Mwenzako asiseme "sawa". Neno "sawa" ndilo lililoua watu wengi katika kazi hii. Aseme anachokiona: "Kushoto juu, kulia chini." Wewe ndiye wa kulinganisha na ulichofanya. Na asijue mapema unataka kufanya nini, asije akaona anachotarajia.

Trimu ndiyo inayochanganya kichwa. Ukizungusha gurudumu la trimu kuelekea pua chini, kile kibati kidogo nyuma ya elevata hupanda juu. Jicho linataka kishuke, lakini kikipanda hewa hukisukuma chini pamoja na elevata nzima, mkia unainuka, pua inashuka. Zungusha mpaka mwisho, mtazame pamoja, kisha urudishe kwenye alama ya kupaa.

Tarehe 26 Agosti 2003, ndege ya Colgan Air aina ya Beechcraft 1900D ilitoka Hyannis, Massachusetts, mara tu baada ya kebo ya trimu kubadilishwa. Haikuwa na abiria. Trimu ilikuwa imefungwa kinyume: kila rubani alipoomba pua iinuke, ndege iliishusha pua zaidi. Walikufa wote wawili. Mchoro kwenye kitabu cha mtengenezaji ulikuwa umeonyesha gurudumu la kebo upande usio wake, na marubani nao hawakuifanya ile hatua ya kujaribu trimu kabla ya kupaa. Kosa la fundi lilipita likakuta mlango wa mwisho uko wazi. Jaribio hilo ni la sekunde ishirini.

Baada ya mwelekeo, pima umbali. Kila kitu kifike mwisho wake na kigonge kizuizi, pande zote mbili. Miezi michache kabla ya ile ya Hyannis, tarehe 8 Januari 2003, Beechcraft 1900D nyingine, ya Air Midwest, ilianguka ilipokuwa ikipaa kutoka Charlotte na kuua wote 21. Kebo ya elevata ilikuwa imekazwa vibaya kwenye skrubu yake ya kurekebishia, kiasi kwamba marubani hawakuweza kushusha pua hadi mwisho. Ndege ilikuwa imesharuka safari kadhaa katika hali hiyo bila mtu kugundua. Siku hiyo mzigo ulikuwa mzito na umeegemea mkiani, na ile sehemu iliyokosekana ndiyo iliyohitajika. Fundi alikuwa akijifunza kazi hiyo, akaruka baadhi ya hatua za kitabu, na mkaguzi aliyepaswa kumkamata ndiye huyo huyo aliyekuwa akimfundisha. Ukisikia hangani kwenu kwamba mwalimu na mkaguzi ni mtu mmoja, omba mtu wa tatu.

Kwa hiyo muulize fundi vipimo. Kebo ikibadilishwa au kurekebishwa, digrii za mwendo wa kila upande hupimwa kwa kifaa na kuandikwa, na mkazo wa kebo hupimwa pia. Majibu ya "tuliangalia kwa macho" hayatoshi. Ukizungusha usukani, zima redio usikilize. Kebo iliyotoka kwenye kapi lake husugua bati kwa sauti kama panya darini.

Rudia zoezi zima flapu, yaani vibati vya nyuma ya mabawa vinavyoshushwa wakati wa kutua, zikiwa chini. Kuna mambo hujitokeza hapo tu.

Hatua ya 5: Nati, bolti na pini

Utaona chache tu, lakini utazame hizo chache. Nati ya taji, ile yenye meno juu, lazima iwe na pini ya miguu miwili iliyopindwa. Bolti inayozunguka kwenye bawaba ya eleroni au elevata haifungwi kwa nati yenye pete ya plastiki peke yake. Waya wa kufungia lazima uvute upande wa kukaza. Ukiusukuma kwa kidole na nati ikaonekana inaweza kulegea bila waya kukataa, umefungwa kinyume.

Tazama vichwa vya bolti. Bolti ya ndege ya chuma ya kawaida ina alama ya msalaba au nyota kichwani. Ya aluminiamu ina vistari viwili. Ukiona mistari mitatu au sita imepangwa kama miale ya jua, hiyo ni ya gari na imetoka kwa muuza vifaa vya ujenzi. Huenda ina nguvu, huenda hata ni ngumu zaidi, lakini haina kazi hapo, na aliyeiweka ana mengine aliyoyaweka.

Usidharau tofauti ndogo. Tarehe 10 Juni 1990 kioo cha mbele cha BAC One-Eleven ya British Airways kiling'oka ndege ikiwa karibu mita 5,000 juu ya Uingereza. Nahodha akanyonywa nje nusu mwili, wenzake wakamshika miguu mpaka ikatua Southampton, na akapona. Kioo kilikuwa kimewekwa upya usiku mmoja nyuma. Kati ya bolti 90, 84 zilikuwa nyembamba kuliko inavyotakiwa kwa kiasi kisichofika hata milimita moja. Fundi alizichagua kwa kulinganisha kwa macho na ile ya zamani, akaacha kusoma namba kwenye kitabu cha spea. Alikuwa na uzoefu, na uzoefu ndio uliomtuma. Karatasi za spea ziombe uzione: bolti yenye namba bila karatasi ni chuma tu.

Hatua ya 6: Injini

Kwanza propela. Ichukulie kila wakati kwamba inaweza kuwaka, hata ufunguo ukiwa mfukoni mwako. Magneto, kifaa kinachozipa plagi umeme wa cheche, huzimwa kwa waya mdogo unaoipeleka ardhini. Waya huo ukikatika au fundi akisahau kuurudisha, magneto iko hai na kuisukuma propela kwa mkono kunaweza kuiwasha injini. Usisimame kwenye njia yake ukiongea na simu.

Washa. Mshale wa presha ya oili uinuke ndani ya nusu dakika. Usipoinuka, zima, usisubiri kuona. Acha injini ikimbie dakika tano hadi kumi, zima, kisha omba kifuniko kifunguliwe uingie na tochi. Wengi huruka sehemu hii kwa sababu kufunga tena kunachosha. Tazama chini ya filta ya oili. Gasketi ya zamani huganda kwenye injini filta inapotolewa, fundi akaweka mpya juu yake bila kujua. Gasketi mbili hushikilia vizuri injini ikiwa baridi, kisha moja hutoka ikipata moto na oili yote inakwisha kwa muda mfupi. Tazama viungo vya mafuta kwa doa la samawati, kila waya wa plagi uwe umeshikilia, na vibano vya bomba la moshi. Bomba la moshi likiwa na ufa, hita ya kabini inakuletea hewa ya sumu isiyo na harufu, na rubani hulala tu.

Halafu magneto. Kwa Cessna 172 nyingi za zamani unapandisha hadi mizunguko 1,700 kwa dakika, unazima moja moja. Kila upande ushuke usizidi 125, na tofauti kati ya pande isizidi 50. Kitabu cha ndege yako ndicho chenye neno la mwisho. Mizunguko isiposhuka kabisa usifurahi: huenda ile uliyofikiri umeizima haijazimika. Ipunguze injini kabisa, zima ufunguo kwa kitambo kidogo. Inapaswa kuanza kufa. Ikiendelea kunguruma, rudi kwa fundi.

Aliyeko Eldoret asimlaumu fundi bure. Uwanja ule uko zaidi ya mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyembamba, na ukijaribu magneto bila kupunguza mafuta kwenye mchanganyiko, injini itakohoa kama ina plagi mbovu. Punguza mchanganyiko kwanza, kisha jaribu.

Hatua ya 7: Mafuta

Chomoa kiasi kutoka kila tundu la chini, kwenye chupa safi, uitazame mbele ya mwanga. Maji hukaa chini, mafuta juu. Chupa ikiwa na rangi moja usiridhike haraka, inaweza kuwa maji matupu. Nusa, tafuta samawati. Pale viwanja vidogo ambako mafuta hutoka kwenye pipa, chuja. Kama una shaka yamechanganyika na mafuta ya jeti, dondosha tone kwenye karatasi nyeupe: petroli hukauka na kutoweka, ya jeti huacha duara la grisi.

Kama geji ya mafuta iliguswa, isahau. Panda ngazi, pima kwa kijiti, na kijiti kiwe cha ndege hiyo hiyo. 172 mbili zinaweza kuwa na matangi ya ukubwa tofauti. Tarehe 6 Agosti 2005 ATR 72 ya Tuninter iliishiwa mafuta baharini karibu na Palermo, wakafa watu 16, kwa sababu fundi alikuwa ameweka geji ya ATR 42, ndege ndogo kuliko hiyo. Geji iliingia vizuri, ikawaka vizuri, ikaonyesha mafuta yasiyokuwepo.

Vifuniko vya tangi vikaze kwa mkono wako mwenyewe.

Hatua ya 8: Kiti

Kaa, funga kiti kwenye shimo lake, kisha jisukume nyuma kwa miguu kwa nguvu zote. Viti vya Cessna vinajulikana kuteleza nyuma wakati wa kupaa pini ikiwa haijaingia au reli imelika. Rubani hujikuta ameshika usukani, ananing'inia, pua inapanda. Kiti kilichotolewa na kurudishwa kina vizuizi vya kukizuia kisitoke kwenye reli. Hakikisha vipo mbele na nyuma.

Hatua ya 9: Safari ya kwanza

Uwe peke yako. Usimchukue mtoto wa dada "aonje ndege kidogo". Fundi akitaka kuja, ni ishara nzuri, na wengine wetu tunaona ni haki mwenye ndege kutualika.

Nenda asubuhi. Kisumu hewa hutulia asubuhi, na mchana mawingu hujengeka juu ya Nandi na Kericho, kisha ngurumo na mvua ya mawe. Ukiwa na tatizo la injini hutaki pia tatizo la hali ya hewa. Njia ya kurukia namba 24 inakutoa moja kwa moja juu ya ziwa, kwa hiyo jaketi la kujiokoa uwe umelivaa kabla ya kupanda. Likiwa nyuma ya kiti halina msaada. Kabla ya kusukuma gesi, sema kwa sauti utakapotua injini ikizima ukiwa mita 50, na ikizima ukiwa mita 200.

Ikianza kukimbia, angalia saa ya kasi inapanda. Isipopanda, kata gesi. Njia ya Kisumu ni ndefu na una nafasi ya kusimama. Ukiwa juu, waombe mnara ruhusa uzunguke juu ya uwanja dakika ishirini mpaka thelathini, karibu kiasi cha kuteleza hadi kwenye lami bila injini. Jaribu trimu, flapu kidogo kidogo, hita, redio. Andika unachokiona ukiwa ungali unakiona.

Ukitua, usizime na kuondoka. Fungua tena kifuniko cha injini ikiwa bado moto, tazama mahali pale pale ulipotazama mwanzo kwa tochi ile ile: filta, viungo vya mafuta, vibano. Kilichokuwa kikavu asubuhi na sasa kimelowa ndicho ulichokuja kukitafuta. Ukikuta kitu, kiandike kwenye logibuku hata kama fundi ni rafiki yako na amekuomba mmalizane kwa mdomo. Rubani wa kesho hakuwepo kwenye hayo mazungumzo.

Kile kijikaratasi cha hatua ya 1 kikunje, kiweke nyuma ya logibuku. Baada ya saa nyingine 50 ndege itarudi kwa oili, na utataka kujua mara ya mwisho ni kiungo kipi kilikuwa kimelowa.